Majoka sita, jumla kubwa, na bado napigwa kila usiku. Kasoro iko wapi?

#1 punda_wa_mkunguni
Salaam wangwana. Nisaidieni kabla sijaitupa hii simu baharini. Nacheza Pokémon Showdown, ile ya bure ya kwenye brauza ya kupiganisha viumbe sita kwa sita, ngazi ya Gen 9 OU (kizazi cha tisa, daraja la wanaotumika sana), na tangu Ramadhani iishe niko pointi 1180, nikipanda 1230 usiku huohuo nashuka. Timu sikuokota tu, nilikaa nikachagua: Garchomp, Dragonite, Salamence, Hydreigon, Dragapult na Charizard. Majoka sita. Hao watano wa mwanzo kila mmoja jumla ya stati zake (damu, ataki, difensi, spidi) ni 600, na ukiwatoa malejendari hakuna anayezidi hapo. Wote nimewapa Adamant ama Modest, zile tabia za kuongeza nguvu ya kupiga, manake mimi naamini nguvu kwanza. Sasa jana nimekaa zangu kwenye benchi pale Mkunguni hapa Lamu, kahawa mkononi, kaja mtu na Weavile mmoja kanimaliza wanne. Weavile jumla yake 510! 510 inampigaje 600? Nambieni.

#2 kete64
😂😂😂 yakhe we umejenga friji ya samaki. Hebu hesabu mapigo ya aina ya barafu. Garchomp barafu inampiga mara 4, Dragonite mara 4, Salamence mara 4. Hydreigon mara 2, Dragapult mara 2. Weavile ni barafu na giza. Huyo bwana alipoiona timu yako mwanzo wa mechi nadhani alikwenda kutia chai kabisa.

#3 DadaWatamu
Marekebisho mawili kabla uzi haujaenda mbali. Moja, Charizard kwenye mchezo huu si joka, ni moto na ndege. Anafanana na joka tu. Yule wa umbo la Mega X ndiye aliyekuwa joka na Mega hazimo kwenye Scarlet na Violet, michezo ya hiyo Gen 9. Pili, "hakuna anayezidi 600" si kweli, Slaking ana 670 na si lejendari.

#4 punda_wa_mkunguni
Slaking!! Ahsante dada, natafuta nafasi yake sahi hii

#5 DadaWatamu
Ngoja basi usome mpaka mwisho 🤦🏾‍♀️ ana kipaji kinaitwa Truant, zamu moja anapiga zamu moja analala. Ndio maana wakampa 670.

#6 tuktuk_ya_maweni
Kama binamu yangu dukani

#7 ustadh_wa_hesabu
Wa aleikum salaam. Ndugu mwenye uzi, barafu ni nusu ya hadithi, nusu ya pili ni spidi, na hapo ndipo Adamant inapokuua. Twende taratibu. Levo 100, IV 31 (pointi za kuzaliwa nazo), EV 252 (pointi za mazoezi unazogawa mwenyewe) kwenye spidi. Garchomp spidi yake ya asili ni 102. Ukimpa Adamant anafika 303. Ukimpa Jolly, tabia ya kuongeza spidi, anafika 333. Sasa wale wa asili ya 100, Volcarona kwa mfano, na Charizard wako mwenyewe, wakipewa tabia ya kuongeza spidi wanafika 328. Kwa hiyo Garchomp wa Jolly anawapita kwa pointi tano na Garchomp wa Adamant anawatazama wakipita. Kwenye mchezo huu anayepiga kwanza mara nyingi ndiye anayepiga peke yake. Jumla ya 600 haikwambii hizo namba zimewekwa wapi. Weavile ana 510 lakini spidi 125 na ataki 120, kila kitu kiko pale anapokihitaji, kwengine ni karatasi.

#8 kete64
Ustadh umesema kweli lakini usimtishe mtu na Adamant. Great Tusk ndiye unayekutana naye kila mechi ya tatu, spidi yake 87, na hata akiwa Jolly anafika 300 tu. Garchomp wa Adamant 303. Bado unampita, na unampiga kwa nguvu zaidi. Inategemea unamlenga nani.

#9 ustadh_wa_hesabu
Sikatai. Ila yeye hakuchagua Adamant kwa sababu ya Great Tusk, alichagua kwa sababu "nguvu kwanza" 😄

#10 punda_wa_mkunguni
Hio ya 303 na 300 ndio mara ya kwanza kuisikia wallahi. Mimi nilikuwa natazama ataki peke yake

#11 nahodha_mstaafu
Vijana, mie ni mtu wa bao zaidi, hii Pokémon alinitia mjukuu wangu. Lakini naona mwasema spidi spidi kama mashindano ya punda ya Maulidi. Tatizo la huyu bwana timu yake haina kazi. Wote sita ni washambuliaji. Nani anaingia kupokea ngumi? Nani anasafisha uwanja? Nahodha huwezi kupakia mashua watu sita wa tanga na hapana hata mmoja wa kuteka maji. Mie natumia Dondozo, yule samaki mkubwa, taratibu kabisa, spidi 35, na vijana wenye spidi wananitukana.

#12 BintiLangoni
Shikamoo babu 😂 Dondozo ndiye anayenifanya nizime simu

#13 nahodha_mstaafu
Marahaba mwanangu. Zima tu, nami napata pointi.

#14 DadaWatamu
Babu kagusa penyewe. "Anasafisha uwanja" ndio jambo ambalo bado hatujalisema. Stealth Rock. Yale mawe yanayomchoma kila anayeingia, na yanafuata udhaifu wa jiwe. Wa kawaida anapoteza damu 12.5%. Dragonite na Salamence 25%. Charizard 50%, NUSU, kwa kuingia tu. Garchomp pekee ndiye anayeona kama mchanga, 6.25%. Na Dragonite ana Multiscale, akiwa na damu kamili anapokea nusu ya maumivu, sasa jiwe likimgusa tu hiyo Multiscale ishakwenda. Mwenye uzi hana hata mmoja wa kuondoa mawe kwa Rapid Spin. Kwa hiyo mie nasema barafu sio ugonjwa. Ugonjwa ni mawe, Weavile anakuja kuzika tu.

#15 tuktuk_ya_maweni
Si kuna Defog, ile muvu nyingine ya kuondoa mawe? Mimi ndio natumia

#16 DadaWatamu
Defog ikikutana na Gholdengo inarudi mikono mitupu, kipaji chake Good as Gold kinazuia muvu zote za kutopiga anazolengwa nazo. Na Rapid Spin haimgusi manake ni mzuka. Yule bwana wa sarafu ndio maana kajaa kila mahali.

#17 BintiLangoni
Mimi dawa yangu ni viatu. Heavy-Duty Boots kwa kila anayeogopa mawe, tangu zilipokuja na Sword na Shield 2019 nimelala usingizi. Shida ni Knock Off inakuvua, tena muvu yenyewe inakuumiza zaidi kwa vile ulikuwa umeshika kitu.

#18 mpigania_bando
Mnaongea vitu vya juu sana. Mimi niko Faza, tatizo langu ni neti. Mechi niko mbele 4 kwa 2, mashua ikipita kule nyuma ya mikoko mtandao unakufa, mwenzangu kashawasha taimer, nikirudi naambiwa nimeshindwa. Mwezi uliopita nilikwenda cyber moja mjini nikalipa saa nzima ndio nicheze vizuri, dakika ya ishirini stima ikapotea na pesa sikurudishiwa. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha Garchomp mwambieni abadilishe laini.

#19 kete64
😂 pole sana. Lakini punda yuko Mkunguni, pale neti ipo, tusimpe kisingizio.

#20 punda_wa_mkunguni
Neti ipo ila nikisema ukweli mara mbili tatu nimeshindwa kwa ajili ya punda halisi kunisukuma bega nikabonyeza muvu siyo

#21 tuktuk_ya_maweni
Hii ndio sababu sisi wa Malindi tutawashinda Waamu siku zote, tuktuk haibonyezi simu

#22 BintiLangoni
Nyinyi Malindi mna nini zaidi ya ile nguzo ya Vasco da Gama, kaa huko

#23 MamaMahamri
Niwaambie kitu mie ambacho hamtakipenda. Nauza mahamri na mbaazi asubuhi, mchana nikimaliza ndio nacheza, na niko juu ya 1600. Timu yangu nimeitoa kwenye timu za mfano za tovuti ya Smogon, sikubuni chochote. Nimeicheza hiyohiyo mechi zaidi ya mia mbili. Huyu kijana akibadilisha timu kila akipigwa hatajua kamwe alipigwa kwa sababu gani. Timu ni kama jiko, wajua kona gani inaunguza na kona gani haipati moto. Hata hayo majoka sita angeyashikilia mechi mia angeanza kuona mwenyewe. EV, Jolly, 303, mie hizo sizihesabu, nazikuta zishawekwa.

#24 ustadh_wa_hesabu
Mama heshima yako, lakini timu ya kunakili nayo ina hatari yake. Mpinzani keshaiona mara hamsini, anajua Great Tusk wako ana muvu gani kabla hujabonyeza. Nami nimeona watu wanakili timu wakaiharibu kwa kubadilisha kitu kimoja wasichokielewa.

#25 MamaMahamri
Ajue basi. Na mimi najua kuwa anajua 😊

#26 mwana_wa_shela
Jamani kwani hakuna anayetaja bahati? Focus Blast inapata mara 70 kwa 100. Hydro Pump 80. Mnajenga timu kwa hesabu za pointi tatu kisha mnatia muvu inayokosa mara moja kwa kila tano. Hydro Pump kupata mara tatu mfululizo ni 51%, sawa na kurusha shilingi. Juu yake kuna pigo la ghafla, moja kwa kila 24, linaongeza maumivu nusu. Nimeshinda mechi sikustahili na nimeshindwa mechi nilizozimaliza kitambo. Huko 1180 na 1230 anakopanda na kushuka ni upepo tu wa bahati, hana kasoro mpya wala ya zamani.

#27 kete64
Upepo wa kusi huo? 😄 Mbona Mama yuko 1600 na bahati ni hiyohiyo

#28 mwana_wa_shela
Mama ana dua za wateja

#29 DadaWatamu
Na kuhusu jumla kubwa kushinda jumla ndogo, fainali za dunia 2014 mchezaji wa Korea Kusini Se Jun Park alibeba ubingwa na Pachirisu kwenye timu. Kindi mdogo wa umeme, jumla 405! Kazi yake ilikuwa kusema "nipigeni mimi" kwa Follow Me ili Gyarados apate nafasi. Mtu mzima angemcheka kabla ya mechi.

#30 ustadh_wa_hesabu
Usichanganye. Ile ni VGC, ya mashindano rasmi, wanacheza wawili kwa wawili, levo 50, unaleta sita unachagua wanne. Huku kwetu ni mmoja kwa mmoja, Follow Me haina kazi kabisa. Na tena, timu hiyohiyo ya Pachirisu ilikuwa na Garchomp ndani. Kwa hiyo 600 nayo ilikuwepo 😏

#31 DadaWatamu
Haya shekhe, nusu pointi umepata.

#32 tuktuk_ya_maweni
Mimi bado nasubiri mtu aseme timu ya mvua. Pelipper anaingia anashusha mvua zamu 5, ukimpa Damp Rock zamu 8, maji yanaongezeka nguvu nusu, Barraskewda wa Swift Swim spidi inakuwa mara mbili. Hakuna kufikiri, unakanyaga mafuta. Nimepanda nayo mpaka 1400 nikisubiri abiria pale sokoni.

#33 nahodha_mstaafu
Na zamu ya sita?

#34 tuktuk_ya_maweni
Zamu ya sita ndio nashushwa 😭 Pelipper mwenyewe umeme unampiga mara 4

#35 punda_wa_mkunguni
Wangwana nimesoma yote. Kila mtu ana ugonjwa wake anaoniona nao, mmoja barafu mmoja mawe mmoja spidi mmoja upepo. Yeo nimebadilisha hivi: Salamence, Hydreigon na Dragapult nimewatoa, nimetia Great Tusk wa Rapid Spin, Gholdengo, na Kingambit. Garchomp nimempa Jolly. Charizard SIMTOI, msinambie. Nimempa Life Orb, kile kitu cha kuongeza nguvu ya mapigo, viatu hapana, nataka angurume. EV nimetia 252 ataki ya spesheli, 252 spidi, na zile 4 zilizobaki nimetia HP kama kawaida ya watu.

#36 kete64
Kingambit safi. Mweke mpaka mwisho, kila mwenzake anayekufa anamuongezea nguvu 10%, mpaka 50. Lakini Sucker Punch yake usiibonyeze ovyo, mpinzani akichagua muvu ya kutopiga inakwenda hewani. Na barafu sasa umebaki na wawili tu wa mara 4, chuma unao wawili wa kuipokea. Afadhali.

#37 ustadh_wa_hesabu
Punda, hizo 4 za Charizard ZITOE KWENYE HP. Nasema kwa herufi kubwa manake najua uzi utapotea. Charizard bila EV ya HP ana damu 297. Mawe yanachukua nusu, na nusu ya 297 inashushwa kuwa 148. Akiingia mara mbili amepoteza 296, amebaki na 1. Yuko hai. Ukimtia zile 4 anakuwa 298, nusu ni 149 kamili, mara mbili ni 298, amekufa mlangoni. Zitie difensi ya spesheli, popote, si HP. Kwa wengine weka tu, kwa huyu ni sumu.

#38 BintiLangoni
Subhanallah. Pointi moja

#39 mpigania_bando
Kwani Life Orb si inamla 10% kila akipiga? Sasa hiyo 297 yako itabaki 297 saa ngapi

#40 ustadh_wa_hesabu
Swali zuri. Kweli, akipiga hata mara moja na Life Orb hesabu imeharibika. Inafanya kazi kama aliingia, akatolewa bila kupiga, akarudi. Hutokea zaidi ya unavyodhani, unamuingiza, mpinzani anabadilisha, unaogopa, unamtoa.

#41 mwana_wa_shela
Kwa hiyo ni bahati 😌

#42 ustadh_wa_hesabu
...

#43 tuktuk_ya_maweni
Kwani Lamu samaki sahi bei gani? Huku kusi imewakimbiza wavuvi changu hashikiki

#44 BintiLangoni
Changu bei kama ya dhahabu, kula tasi. Ama njoo na tuktuk yako Mokowe tukupe

#45 nahodha_mstaafu
Tasi wa kukaanga na mkate wa mofa, hapo hata Dondozo namuuza.

#46 MamaMahamri
Kijana amecheza mechi ngapi na timu mpya?

#47 punda_wa_mkunguni
Kumi na nne mama. Nimeshinda 8 nimeshindwa 6. Niko 1241, ndio juu kabisa nilipowahi kufika. Lakini hii ya mwisho sikilizeni. Yuko na mawe uwanjani, Great Tusk wangu kashakufa. Nimemuingiza Charizard, damu nusu, yeye akamtoa Corviknight akaleta Dondozo, nikaogopa nikamtoa bila kupiga. Baadae tumebaki mimi na Charizard peke yake, yeye na Gholdengo peke yake, tena Gholdengo ana damu kama robo, na hana Scarf ya kuongeza spidi manake nimeona kashika Leftovers ikimrudishia damu. Spidi yake 84, mimi 100, napiga kwanza, moto juu ya chuma. Charizard akiwa na damu kidogo Blaze inawaka, moto unaongezeka nusu. Nimeshajiona 1260. Namuingiza, mawe yanamgusa, anaanguka palepale hata kunguruma hakunguruma.

#48 kete64
Oyaaa 😂😂😂

#49 ustadh_wa_hesabu
Punda. Fungua timu. Mbofye Charizard. HP imeandikwa ngapi?

#50 punda_wa_mkunguni
298

#51 ustadh_wa_hesabu
#37 hukuisoma?

#52 punda_wa_mkunguni
Nilikuwa nimekwenda kununua tasi